Hesabu ya Mwenye Gari

Ukitoka mjini Singida kuelekea magharibi, kwa njia inayopita Sepuka na kwenda kutokea Ndago na Kizaga, unakutana na ardhi za aina mbili ambazo kila dereva wa huko anazijua. Kuna kichanga cha miinuko, chenye majabali ya itale, ambacho hunywa maji upesi na kupitika siku ya pili baada ya mvua. Na kuna mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, ambao kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hushika gurudumu usiliachie. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo vijiji vya upande wa Mgungira, Mwaru na Iyumbu, ardhi inakoteremkia bonde la Wembere, hufikiwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, la sivyo havifikiki kwa gari. Ndiyo maana katika pembe hii ya Wilaya ya Ikungi Land Rover 110 ya zamani, au Land Cruiser yenye mkonga, haikai uani kwa ajili ya fahari. Hubeba alizeti na vitunguu, hubeba mgonjwa, hubeba maiti, hubeba wageni wa harusi. Na mwenye gari la namna hiyo, awe mkulima, mfanyabiashara, parokia au msikiti, hufikiwa na siku ya kujiuliza: nilitengeneze tena, au niliuze niagize jingine?

Wengi hulichukua swali hilo kuwa la fedha tu. Hupiga mahesabu ya spea na mafuta, huyalinganisha na bei ya gari la kuagiza pamoja na ushuru wake, na kwenye jibu dogo ndiko huenda. Sina ugomvi na mahesabu hayo, asiyeyafanya anajidanganya. Lakini chini yake lipo swali la kale zaidi, ambalo dini zote mbili za watu wa Singida zimelifundisha kabla gari halijabuniwa: mtu ataulizwa nini juu ya kile alichopewa kukishika? Waislamu wanafundishwa kwamba mali ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama mja hatasogeza mguu kabla hajaulizwa, pamoja na mengine, mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini, na elimu yake aliifanyia kazi gani. Wakristo wana mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25, ambamo bwana anarudi kutoka safari na kuwaita watumishi watoe hesabu. Katika mafundisho hayo yote mawili hakuna anayeulizwa kitu chake kilikuwa na umri gani. Upya hautajwi kuwa baraka wala ukuukuu kuwa utakatifu. Kinachotajwa ni kuweza kujibu. Hoja yangu inatoka hapo hapo: tuna haki ya kukaa na chombo kadiri tunavyoweza kukitolea hesabu, mbele ya Mungu na mbele ya jirani anayekipanda au kukutana nacho njiani. Kwa kipimo hicho, mara nyingi Sepuka gari kuukuu lina haki ya kubaki. Na kwa kipimo hicho hicho, zipo siku ambazo kubaki nalo ni khiyana.

Tuanze na chuma chenyewe, maana maadili yasiyoshuka hadi kwenye bolti hayamsaidii mwenye gari. Injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota imekuwa ikiifunga kwenye Land Cruiser tangu 1990, hupeleka mafuta kwa pampu inayofanya kazi kimakanika. Hakuna kompyuta inayoamua dizeli iingie lini na kiasi gani. Ikikohoa, fundi mwenye spana, masikio mazuri na miaka ya kazi anaweza kutafuta chanzo hatua kwa hatua: kichujio, hewa iliyoingia kwenye mirija, nozeli, pampu. Land Rover za zamani ni hivyo hivyo, na juu yake zina bodi ya aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Bodi hiyo haiozi. Kinachooza ni chesisi ya chuma iliyo chini, na katika ukavu wa Singida huoza polepole kuliko Tanga au Dar es Salaam penye chumvi ya bahari. Injini za dizeli za kisasa ni jambo jingine. Husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana, mara nyingi unaozidi bar 1,600, kupitia matundu membamba yasiyovumilia maji wala vumbi, na huamrishwa na kompyuta inayosoma sensa kila nukta. Nyingi zina pia kichujio cha kunasa masizi ya moshi, ambacho ili kijisafishe kinataka safari ndefu za mwendo wa kasi na dizeli yenye salfa kidogo. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini imeundwa ikitegemea mambo yaliyo nje ya gari: pampu safi ya mafuta, mashine ya kusomea hitilafu, programu ya kuifungulia, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Vijijini dizeli hufika kwa madumu na kuuzwa kwa chupa. Serikali yenyewe, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ililazimika kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na wanaochakachua.

Sasa tazama maana yake kimaadili. Taa ya hitilafu inapowaka kwenye gari la kisasa katikati ya mbuga, dereva hajui kama ni jambo dogo au kama injini inakaribia kufa. Hajui, na hana njia ya kujua. Anayejua yuko Dodoma au Arusha. Mwenye gari amelipa mamilioni, ana kadi yenye jina lake, lakini kwa lile lililo muhimu kuliko yote, yaani kujua hali ya chombo kinachobeba watu, yeye ni mgeni ndani ya mali yake. Mtu hawezi kulaumiwa kwa asichoweza kukijua. Hilo ni kweli na ni la haki. Lakini mtu wa namna hiyo hawezi pia kuaminiwa kwa hicho asichokijua, na uaminifu ndio unaotakiwa kwa wakili, yaani mtu aliyekabidhiwa amana. Mwenye gari la zamani akiambiwa na fundi kwamba beringi ya gurudumu la mbele imekwisha, anaweza kulishika gurudumu, kulitikisa, na kusikia mwenyewe likicheza. Kuanzia hapo hana udhuru. Ninathamini sana hali hiyo ya kutokuwa na udhuru. Inamweka mtu mahali ambapo anaweza kuwa mwema au mbaya kwa jambo fulani, badala ya kumweka mahali ambapo mambo humtokea tu.

Taifa hili limewahi kuliona kwa macho jambo hilo la kutegemea kilicho mbali. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilionya dhidi ya kufanya fedha, tena fedha ya kigeni, kuwa msingi wa maendeleo, likasisitiza kujitegemea. Miaka kumi na kitu baadaye, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha na fedha za kigeni kukauka, magari yalisimama nchi nzima kwa kukosa vitu vidogo: mpira wa breki, beringi, tairi. Yaliyoendelea kutembea yalitembea kwa sababu kuna watu walichonga, walichomelea, walihamisha kifaa kutoka gari lililokufa kwenda kwa lililo hai. SIDO ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na mafundi wa mitaani walijifunza mengi kwa kulazimika. Atakayeniambia kwamba ule ulikuwa mkwamo na si fadhila, namkubalia moja kwa moja. Hakuna wema katika kunyimwa, na biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ujuzi uliozaliwa katika shida si wa kutupwa shida ikipungua. Ule ujuzi ni mali ya jamii, na una tabia moja ambayo fedha haina: hufa usipotumika. Kila gari linaloweza kufunguliwa Singida ni darasa la kijana anayejifunza ufundi Singida. Magari hayo yakiondoka yote na kuja yasiyofungulika, kijana huyo hatapata cha kujifunzia, na mwenye gari hatakuwa na wa kumuuliza.

Lipo jambo jingine ambalo hufichwa na namna tunavyozungumza. Gari “jipya” la Mtanzania wa kawaida ni gari lililotumika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti Oktoba 2020 iliyoonyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari mepesi milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko bara lolote. Huko Japani gari hukaguliwa kwa sheria linapofika miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi na matengenezo yake ni sababu moja ya watu wengi kuachana na magari ambayo bado yana uhai mwingi. Kwa hiyo anayeuza Land Cruiser yake ya zamani Sepuka na kuagiza nyingine kutoka Yokohama hatoki kwenye ukuukuu kwenda kwenye upya. Anatoka kwenye ukuukuu anaoujua kwenda kwenye ukuukuu wa mtu mwingine, asioujua. Historia ya lile la kwanza anayo kichwani: lilipinduka lini, liliwahi kuchemsha wapi, giaboksi ilifunguliwa na nani. Historia ya la pili ni karatasi. Yuko pia mtu wa mwanzo wa mnyororo huo, yule anayeachana na kitu kizima kwa sababu kukitunza kumekuwa usumbufu. Papa Francis aliliita jambo hilo kwa jina lake katika waraka wake wa 2015, Laudato Si’, alipoulaumu utamaduni wa kutupa. Uislamu nao unakataza israfu, na katika masimulizi ya Bi Aisha imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Hakuwa mtu aliyekosa wa kumpa viatu vipya. Kile kitendo kilikuwa na thamani yake.

Mtu anaweza kuniuliza: gari lililobadilishwa injini mara mbili, difu, springi, milango na nusu ya sakafu, ni gari lile lile kweli, hata tuzungumzie uaminifu kwalo? Wanafalsafa wa Ugiriki waliubishania mkasa kama huo kupitia merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha mbao zilizooza hadi ikawa vigumu kusema kama imebaki ile ya mwanzo. Mwingereza Thomas Hobbes, katika karne ya 17, akaongeza ugumu: je, kama mtu angekusanya mbao zote zilizotolewa na kuziunga tena, merikebu ipi ingekuwa ya kweli? Mamlaka ya Mapato hulitatua jambo hilo kwa namba ya chesisi, na kwa kazi ya kodi inatosha. Mimi naona jibu zuri zaidi liko katika hesabu tunayoizungumzia. Kinachoendelea kuwa kile kile ni ule mfululizo wa watu wanaolijibia gari. Kila kifaa kilichotoka kilitoka kwa uamuzi wa mtu aliyejua kwa nini, na kila kilichoingia kiliingia mahali palipoandaliwa. Pale mfululizo huo unapokatika, gari likiachwa chini ya mti likabomolewa na kila mpita njia, gari limekwisha hata kama vyuma vyote vya kiwandani bado vimo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la damu. Gari la zamani halina mifuko ya hewa, breki zake ni za kizazi kilichopita, mikanda ya viti vya nyuma mara nyingi haipo, na moshi wake unaua polepole. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza Juni 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Sitafuti njia ya kuyapunguza makali ya maneno haya, kwa sababu yanatoka kwenye kipimo kile kile nilichokiweka. Torati ina sheria mbili zinazofaa kusomwa gerejini. Moja, katika Kutoka sura ya 21, inahusu ng’ombe mwenye kupiga pembe: kama mwenyewe alikwisha kuonywa na hakumzuia, na ng’ombe akaua mtu, basi mwenye ng’ombe ana hatia ya mauti. Nyingine, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye dari lake, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba yake. Fiqhi ya Kiislamu nayo ina kanuni kuu ya kuondoa madhara: usidhuru, wala usilipize madhara kwa madhara. Zisome sheria hizo mbele ya Land Rover ambayo breki zake zinashika upande mmoja, nayo kesho ina mzigo wa watu wa kwenda mnadani. Mwenyewe ameonywa. Hawezi kujitetea kwa kusema ni gari la kazi, au barabara ni mbovu, au wote wanafanya hivyo. Wala hawezi kunukuu hoja yangu kwamba kutunza kitu cha zamani ni vyema, kwa sababu yeye hatunzi. Anatumia tu hadi kiishe, na anayetumia hivyo hana tofauti na yule anayetupa, ila huyu anatupa pamoja na abiria.

Ndiyo kusema kwamba kulitunza gari si kuliacha liendelee kutembea. Ni kubadilisha mkanda wa taimingi kila baada ya kilomita 100,000 hivi bila kungoja ukatike, ni kusafisha au kubadilisha nozeli ili moshi mweusi upungue, ni kufunga mikanda ya viti ilipokosekana, ni kukataa kupakia watu juu ya magunia. Mambo hayo yanagharimu, na gharama yake lazima iingie kwenye mahesabu tangu mwanzo. Anayesema gari la zamani ni rahisi kwa sababu hafanyi hayo, amekopa kutoka kwenye miili ya watu wengine. Na inapofika siku ambayo chesisi imepasuka mahali pasipochomeleka kwa usalama, au spea halisi ya breki haipatikani tena na iliyopo ni ya kughushi, haki ya kulibakiza imekwisha, hata kama injini inaimba vizuri.

Pingamizi la pili ni la hewa na mafuta, nalo linadai tarakimu. Chukua Land Cruiser ya zamani inayokunywa lita 13 kwa kilomita 100, na ya kisasa inayokunywa 9. Tofauti ni lita 4, na kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Mtu anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka ataokoa kwa gari jipya tani moja na kidogo. Lakini kulitengeneza gari jipya kwenyewe hutoa tani kadhaa. Tukichukua tani 8, itamchukua zaidi ya miaka saba kuilipa hewa deni la kiwandani, na anayetembea kilomita 5,000 itamchukua takriban miaka kumi na mitano. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Singida na kurudi kila siku na kumaliza kilomita 40,000 kwa mwaka, deni hilo linalipwa kwa miaka miwili. Basi huyu wa mwisho ana sababu nzuri ya kubadilisha, na wa kwanza hana. Hapa wale wanaotaka kanuni moja kwa kila mtu watakosa raha. Kenya inakataza kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka kumi na mitano, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Sheria inahitaji mstari unaopimika na umri unapimika, kwa hiyo siwalaumu watunga sheria. Ila dhamiri ya mtu mmoja mmoja haina haja ya kujificha nyuma ya mstari huo. Inaweza kuuliza gari hili linatembea kiasi gani, linatunzwaje, na linambeba nani.

Kisha kuna pingamizi la mama mjamzito, ambalo mimi huliona gumu kwa namna yake. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unategemea magari ya wagonjwa na pia madereva wa kijamii wanaoitwa kwa simu kumwahisha mama au mtoto mchanga hospitali. Usiku wa mvua, dereva wa aina hiyo akishindwa kuwasha gari, hakuna falsafa ya viraka itakayomfariji mume wa yule mama. Je, upendo kwa jirani haudai gari jipya, lenye kuwaka kila mara? Naamini unadai gari lenye kuwaka kila mara, na kwamba hilo si lazima liwe jipya. Kutegemeka kwa gari kunatokana na matengenezo ya wakati wake na spea iliyokwisha kuwekwa akiba kabla ya Novemba. Kwa chombo kinachofanya kazi kila siku, kama cha kituo cha afya, nakubali kabisa kwamba kinunuliwe kipya, na wanaosimamia fedha za umma wasione haya kwa hilo. Lakini kiwe kipya cha namna gani? Land Cruiser ya muundo wa 70 ilitoka mwaka 1984 na bado inaundwa. Mtu anaweza kununua leo gari lisilo na hata kilomita moja, ambalo fundi wa Singida aliyezoea magari ya miaka ya 1990 atainua boneti yake na kulitambua. Mpaka wa kweli, basi, haupiti kati ya kuukuu na jipya. Unapita kati ya gari ambalo watu wa mahali wanaweza kulijibia na gari wasiloweza.

Hapo inaibuka shutuma ninayoiheshimu: kwamba kwa kusema hivyo nahalalisha Afrika kuuziwa injini ambazo Ulaya haziruhusiwi tena kwa sababu ya moshi wake. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, na haiondolewi kwa kusifu ufundi wetu. Mapafu ya mtoto wa Sepuka hayana thamani ndogo kuliko ya mtoto wa Stuttgart. Lakini uchaguzi huo, ama injini chafu unayoweza kuifungua au injini safi usiyoweza, haukuandikwa na Mungu. Umetokana na maamuzi ya viwanda kufunga maarifa ya mashine zao. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walilazimisha mwaka 2012 watengenezaji wa magari kuwapa mafundi huru taarifa za kutengenezea, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maagizo ya haki ya kutengeneza bidhaa mbalimbali za matumizi. Afrika ya Mashariki nayo iliwahi kuonyesha kwamba inaweza kudai kwa pamoja: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Zinaweza vile vile kudai kwamba gari linalouzwa huku liuzwe pamoja na elimu yake. Elimu ni mojawapo ya mambo ambayo ile hadithi ya Siku ya Kiyama inasema mja ataulizwa, na sioni kwa nini kiwanda kisihesabiwe miongoni mwa wanaoulizwa.

Kuhusu kiburi nitasema machache. Ipo ibada ya gari jipya, na Watanzania wameizungumza vya kutosha tangu enzi za mashangingi ya wakubwa. Ipo pia ibada ya gari la zamani, ya mtu anayekipaka rangi chombo ambacho hakimhudumii tena yeyote na kumnyima fundi malipo yake ili anunue taa za ziada. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila rika kwa tamasha lake, na wengi wa waliokuja walikuwa na furaha halali ya kuona kazi ya mikono ikidumu. Furaha hiyo inabaki halali maadamu chombo bado ni cha kutumikia.

Inasimuliwa juu ya Khalifa Umar bin al-Khattab kwamba alihofu kuulizwa na Mungu hata juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa sababu njia haikusawazishwa, ilhali yeye alikuwa Madina. Hofu hiyo inaigawa upya hesabu tunayoizungumzia. Sehemu ya sababu ya mtu wa Sepuka kuhitaji gari zito, lenye kunywa mafuta mengi na kuvunja springi kila mwaka, ni barabara, na barabara haiko mikononi mwake. Kila msimu unaopita na madaraja ya mbugani hayajajengwa, wenye mamlaka wanaongeza deni lao juu ya ekseli zilizokatika. Siku lami na makaravati vitakapofika hadi vijiji vya bondeni, mwenye Land Cruiser atapaswa kujiuliza swali jipya kabisa, kama bado anahitaji gari la namna hiyo hata kidogo, na jibu la uaminifu huenda likawa gari dogo la bei nafuu.

Na akiamua kuuza, hesabu haifungwi kwa kupokea fedha. Katika Uislamu kuficha kasoro ya bidhaa ni haramu. Mtume alimkemea muuza nafaka aliyeficha zilizolowa chini ya zilizokauka. Mnunuzi wa Land Rover ya mtu wa Sepuka kwa kawaida ni mtu mwenye uwezo mdogo kuliko yeye, pengine anayetaka kuanza kubeba abiria kati ya kijiji na gulio. Anapaswa kuambiwa ufa wa chesisi uko wapi, kwamba difu ya nyuma ilijazwa oili nzito ili isilie, na breki zinahitaji nini kabla ya kupakia mtu wa kwanza. Bei itashuka, huenda sana. Mwenye gari anayeshindwa kuyasema hayo mbele ya mnunuzi afadhali alibomoe, auze vifaa vilivyo vizima kimoja kimoja, na chesisi aipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu.